Wadogo zangu wa kitaluni, machicha ya kahawa bado sio mboji

Jana nimekuta trei tatu za miche zimemwagiwa machicha mabichi na kijana wa field ananichekea, "braza, mbolea ya bure hii". Nimekaa juu ya ndoo nikaanza kumhesabia, na nyie wengine mnahusika.

1. Rangi ya kahawia isiwadanganye mkadhani ni makavu. Kwenye biwi la mboji machicha yanahesabika na majani mabichi, nitrojeni yake ni kama asilimia 2. Yasizidi moja ya tano ya biwi, weka makavu ya kutosha, karatasi za chujio nazo tupia humohumo.

2. Mabichi hayaendi kwenye miche. Hapa ndo penye kidonda changu. Mwaka wangu wa kwanza mama mmoja alileta oda ya nyanya, mi nikasikia sijui wapi kahawa inafukuza konokono, basi nikatandaza unene wa vidole viwili trei nzima, tena na zile ambazo mbegu hazijatoka, nikajiona profesa. Siku ya tatu juu pamekuwa ganda kama chapati iliyosahaulika kaangoni, namwagilia maji yanateleza pembeni, ukichokonoa chini vumbi tupu. Nami nikazidi kumwagilia! Ukungu ukaota juu, mbegu chini kimya, kumbe kafeini inayobaki kwenye machicha nayo inazuia mbegu kuota. Nikamwambia mama ni baridi ya Julai. Akaja mwenyewe, akabandua ganda kwa ukucha, likatoka zima, akalinusa.

"Mwanangu, hii si kahawa?"

"Ndiyo mama."

"Na nyanya zangu?"

Nilimrudishia hela yake ya kianzio, na mpaka leo akipita hapa anaulizia kama kahawa ipo.

3. Habari ya asidi punguzeni woga, nyingi ilishaondoka na kikombe cha mteja. Chokaa ya kuiua hiyo asidi msimwage ovyo.

4. Biwi ligeuzwe. Chomeka fimbo katikati, ukiichomoa ikawa ya moto mambo yanaenda, ikiwa baridi geuza uone kama ni pakavu ndani. Likinuka mkojo, kahawa imezidi, ongeza maranda.

5. Ndoo za mgahawani zifuatwe kila siku, kuna mtu aliacha moja na mfuniko wiki mbili kwenye jua, aliyeifungua simtaji ila siku ile hakula chakula cha mchana.

Kijana sasa hivi anakwangua trei kwa kijiko cha chai. Mbili tu. Ya tatu nimemwambia aiache hivyohivyo na awe anaimwagilia yeye.