Ukienda Tungnath kwa pikipiki, lala njiani

Waongozaji wa Kilimanjaro wana swali ambalo humuuliza kila anayelalamika kichwa: jana ulilala wapi? Nimekulia Moshi, mjomba wangu amebeba mizigo mlimani miaka mingi, na swali hilo nimelisikia tangu utotoni. Bado nilihitaji kuulizwa mimi mwenyewe, nikiwa India, ndipo nilielewe.

Tungnath ni hekalu la Shiva, mungu wa Wahindu, katika jimbo la Uttarakhand, kaskazini mwa India, kwenye kimo cha mita 3,680 hivi. Ni mojawapo ya mahekalu matano yanayoitwa Panch Kedar. Masimulizi ya Wahindu yanasema kwamba baada ya vita vya Kurukshetra ndugu watano wa Pandava walimtafuta Shiva ili awasamehe kwa kumwaga damu ya jamaa zao. Shiva akawakimbia kwa umbo la fahali, akazama ardhini, na viungo vyake vikajitokeza mahali mbalimbali. Nundu ikatokea Kedarnath, mikono ikatokea Tungnath. Kutoka Chopta, ambako unaacha pikipiki, ni kama kilomita 4 tu kwa miguu, tena kwa njia iliyopangwa mawe vizuri. Kilomita hizo 4 ndizo zilizonidanganya.

Nilikuwa mwanafunzi Dehradun, mji ulio kwenye mita 640 hivi. Mwezi wa Oktoba nikakodi pikipiki, nikatoka saa kumi na moja alfajiri, na jioni nikawa Chopta, mita 2,680. Siku nzima nilikuwa nimekunywa vikombe viwili vya chai, na chakula chenyewe nilikula nimesimama. Usiku sikupata usingizi. Saa kumi alfajiri nikawasha tochi, nikaanza kupanda ili niwahi macheo. Baada ya saa moja hivi kichwa kilikuwa kinagonga kama nyundo, nikatapika kando ya njia, na nilipojaribu kuendelea miguu haikuwa inaenda ninakoielekeza. Mbele yangu hakukuwa na mtu, wala nyuma. Niligeuka. Nilikaa Chopta hadi mchana, kichwa kilipotulia nikateremka taratibu hadi Ukhimath, mji mdogo ulio kwenye mita 1,300 hivi, nikampigia mjomba.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Sauti yako imekuwaje?”

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Na juzi ulilala wapi?”

“Dehradun.”

“Sasa mjomba, wewe umeona wapi mtu anatoka Moshi mjini leo, kesho asubuhi anataka kuwa Horombo?”

Hesabu yake ndiyo hii, na naomba uishike kuliko kitu kingine chochote katika makala hii. Kilimanjaro, kwa njia ya Marangu, mgeni hulala kwanza kambi ya Mandara, mita 2,720. Siku ya pili ndipo anafika kambi ya Horombo, mita 3,720, na siku hizo zote ametembea kwa miguu, pole pole, huku mwili unazoea. Chopta ina kimo cha Mandara. Tungnath ina kimo cha Horombo. Pikipiki inakutoa bondeni hadi Mandara kwa siku moja umekaa kitako, na kwa kuwa hukutoka jasho unajiona mzima. Pale hekaluni hewa imepungua kwa karibu theluthi moja ukilinganisha na Tanga au Mombasa. Mapafu yako hayajui kwamba umefika kwa injini.

Kwa hiyo gawa safari. Kutoka Rishikesh, mji ulio chini ya milima, hadi Chopta ni kama kilomita 200. Siku ya kwanza ishia Ukhimath au hata Rudraprayag. Siku ya pili panda hadi Chopta mapema, tembea tembea kwenye nyasi za malishoni, kunywa maji mengi, kula wali na dengu hata kama huna hamu, ulale. Siku ya tatu ndiyo ya hekalu. Kichwa kikiuma kidogo, pumzika, usipande. Ukianza kutapika, kuyumba, au kukosa pumzi ukiwa umekaa, shuka, hata kama ni usiku na hata kama umebakiza hatua mia. Ukiwa na wenzako, mmoja atakuona unayumba. Ukiwa peke yako hakuna wa kukuona, na kichwa chenyewe kinachotakiwa kuamua ndicho kinachoumwa. Amua kabla hujaondoka: ukitapika, unarudi. Halafu mwambie mwenye nyumba ya wageni unakwenda wapi na utarudi saa ngapi. Huko juu usitegemee simu.

Barabara yenyewe ni nzuri mno, na inatisha. Unafuata mto. Pale Devprayag unaona mito ya Alaknanda na Bhagirathi ikikutana, na kuanzia hapo maji yanaitwa Ganga. Simama pale, usipite tu. Kwetu sisi wa Tanzania na Kenya kuna nafuu moja: India nao wanaendesha kushoto. Ila kona ni za kupofusha, kwa hiyo piga honi kabla ya kila moja, na mpishe anayepanda wewe ukiwa unashuka. Kuteremka tumia gia ndogo, iachie injini kazi ya kukuzuia; ukiminya breki muda wote zitapata moto na kukuachia wakati mbaya. Ukikuta mawe yaliyoporomoka karibuni barabarani, usisimame hapo kupiga picha, mengine bado yako juu. Mvua za Julai na Agosti huangusha milima barabarani. Usiende miezi hiyo. Mei na Juni ni sawa, na Septemba hadi mwanzoni mwa Novemba ni bora zaidi kwa sababu anga huwa safi. Baridi ikikaza hekalu hufungwa, na sanamu ya mungu wao huteremshwa hadi kijiji cha Makkumath.

Jaza tangi Rudraprayag na ubebe pesa taslimu. Beba pia nakala kadhaa za pasipoti na viza, kwa sababu mwenye nyumba ya wageni anatakiwa kuandikisha kila mgeni wa nje serikalini, na wengine wakiona usumbufu wanakukatalia tu. Mimi nilikataliwa mahali pamoja giza likiingia, na kwa mtu aliyechoka, hilo si jambo dogo. Piga simu mapema uulize kama wanapokea wageni wa nje.

Na soksi nzito. Hekaluni unavua viatu, na jiwe la mita 3,680 alfajiri ni barafu. Ndani hupigi picha. Mimi si Mhindu, ila nilisimama kwa adabu, nikainamisha kichwa kama nilivyoona wengine wanafanya, na hakuna aliyeniuliza dini yangu.

Hiyo ilikuwa mara ya pili. Nililala Ukhimath, kesho yake nikalala Chopta, na keshokutwa nikapanda kwa mwendo wa mjomba, hatua fupi, pumzi ndefu. Bibi mmoja aliyekuwa anapanda na fimbo alinipita, akaniita “beta”, yaani mwanangu, akanipa kipande cha sukari guru. Nilifika hekaluni jua halijatoka. Ni jengo dogo la mawe ya kijivu, limebanana na vibanda vya chai, na nyuma yake kuna mlima tu. Nikapumzika, nikaongeza kilomita moja na ushee hadi kilele cha Chandrashila, karibu mita 4,000. Kutoka kule, mlima Chaukhamba wenye mita 7,138 unaonekana karibu kiasi kwamba niliona vivuli vikisogea juu ya theluji yake, na mbali mashariki ilikuwepo Nanda Devi.

Nilikaa hadi vidole vikafa ganzi. Kichwa hakikuuma hata kidogo. Niliporudi Ukhimath mtandao ukashika, nikampigia mjomba kabla sijavua helmeti.