Badili zoezi, usibadili saa

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa watu walioanza kwa kishindo, na sasa raba zimerudi uvunguni. Najibu chache.

Mwalimu, kila mwaka naanza kukimbia, ikifika wiki ya tatu naacha. Nina kasoro gani? (Kijana wa Tabata)

Huna kasoro, umechoshwa tu. Nadhani unakimbia njia ileile, umbali uleule, mwendo uleule, unapishana na mbwa yuleyule. Mwili ukishazoea mzigo hauna sababu ya kuongeza nguvu, na akili nayo huanza kutafuta visingizio. Mimi niliwahi kushikilia mbio tupu karibu miaka miwili. Nilichovuna ni maumivu ya muundi yaliyonilaza wiki sita.

Kinachotakiwa kubaki palepale ni saa. Sema ni saa 12 asubuhi, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, basi hapo hapaguswi. Zoezi ndilo libadilike. Jumanne kimbia. Alhamisi usitoke hata getini: kamba, pushapu, skwati, dakika 25 zimekwisha. Jumamosi jiunge na klabu ya jogging ya mtaani kwenu. Dar zimejaa, na ni vigumu kumkwepa mtu anayekuja kukugongea mlango alfajiri. Siku uvivu ukikushika, toka ufanye dakika kumi tu, kisha urudi kulala kama bado unataka. Mara nyingi hutarudi.

Halafu punguza kasi. Wanaoacha mapema wengi hukimbia kana kwamba wanafukuzwa. Kumbuka mchakamchaka wa shule: kiongozi anaimba, nyinyi mnaitikia, na pumzi bado ipo. Kipimo kizuri ni mdomo wako. Ukiweza kuimba ubeti mzima, unatembea tu. Ukiweza kuongea lakini kuimba kunakushinda, hapo ndipo pa wastani, kaa hapo siku nyingi. Ukishindwa kutoa zaidi ya maneno mawili matatu, hiyo ni kasi ya siku moja kwa wiki, basi.

Na usijipime kwa wiki tatu. Alphonce Simbu alipata shaba ya marathoni kwenye mashindano ya dunia London mwaka 2017. Dhahabu aliipata Tokyo, mwaka 2025.

Nafua kwa mkono, nachota maji, nabeba mtoto mgongoni. Mume wangu anasema hayo si mazoezi. Naomba umjibu.

Shemeji, chukua dumu la lita 20 lililojaa. Hizo ni kilo 20. Lipeleke kutoka bombani hadi jikoni mara nne, kisha tuendelee na mjadala.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli za wastani, na kazi za nyumbani zinazokutoa jasho zimo kwenye hesabu hiyo. Ila nawe dada nikwambie ukweli. Kufua, kudeki na kufagia kwa ufagio mfupi vyote vinakuinamisha mbele. Mgongo hauna zamu ya kwenda upande wa pili. Kwa hiyo usijiongezee jasho, jiongezee kinyume cha kazi zako: lala kifudifudi, inua kifua kidogo, shikilia, shusha, mara kumi. Geuka chali, kunja magoti, inua nyonga, mara kumi na tano. Na ukialikwa kwenye sherehe, usikae na sahani mapajani. Singeli mbili tatu za kucheza kweli hazina tofauti na mbio.

Nina miaka 66, nina sukari. Daktari amesema nitembee. Natembea, lakini inachosha kwa upweke. Nifanye nini kingine?

Shikamoo mzee wangu. Kutembea usikuache, ila kuhamishie baada ya chakula, hata dakika 15. Baada ya kula ndipo sukari inapopanda, na misuli inayofanya kazi huichukua kutoka kwenye damu. Kama unachoma insulini au unameza vidonge vinavyoweza kuishusha sana, muulize daktari wako kwanza namna ya kupanga, na pipi ikae mfukoni. Vaa viatu vilivyofungwa, si ndala, na kagua nyayo kila jioni, maana kidonda cha mguu kwa mwenye sukari huanza kimyakimya.

Siku mbili kwa wiki fanya mazoezi ya nguvu: kaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika, mara nane hadi kumi, pumzika, rudia. Siku tatu fanya ya mizani: simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta wakati chai inachemka. Kuhusu upweke, chukua mjukuu au jirani wa kucheza naye bao, mzunguke mtaa kabla ya kete ya kwanza.

Ada ya gym imenishinda. Nimekwisha?

Hapana. Madumu mawili ya lita 5, ngazi, kamba na kipande cha ukuta. Unachokosa gym ni kioo tu.

Nina miaka 41, nimezaliwa Tanga na sijui kuogelea. Naona aibu kuanza.

Wapo wengi waliokulia pwani na hawajui, hawasemi tu. Anza, kwani kwa mwenye magoti yanayolalamika hakuna zoezi linalozidi maji. Tafuta mwalimu na bwawa lenye kina kifupi. Baharini usiende peke yako, hata maji yakiwa yamekupwa na yanaonekana matulivu. Wiki hii, kabla hujalipa senti, jaza beseni nyumbani, tumbukiza uso na upulize mapovu hadi usiogope. Watoto watakucheka. Wape na wao beseni lao.