Juice WRLD: kijana aliyewaza kwa sauti

Ndugu Mhariri, wiki hii mmeuliza: kwa nini vijana waliokuwa bado shule ya msingi Juice WRLD, rapa wa Marekani, alipofariki wanamsikiliza leo kana kwamba nyimbo zake zimetoka jana? Wengi watajibu kwamba ni kile kifo. Alizaliwa Chicago tarehe 2 Desemba 1998, akafariki tarehe 8 Desemba 2019, siku sita tu baada ya kutimiza miaka 21. Mwaka 2018 alikuwa ametoa Legends, wimbo wa kuwaomboleza marapa wenzake Lil Peep na XXXTentacion, na humo akasema kwamba kizazi chake hakivuki miaka 21. Inatisha ukiisikia leo. Lakini kifo humleta msikilizaji mara moja tu, hakimfanyi arudie wimbo ule ule usiku mzima. Kinachomrudisha ni namna nyimbo zenyewe zilivyotengenezwa.

Chukueni Lucid Dreams, uliosikika kwanza kwenye mtandao wa muziki wa SoundCloud mwaka 2017 na kufika nafasi ya pili kwenye Billboard Hot 100, chati ya nyimbo ya Marekani, mwaka uliofuata. Biti ni ya Nick Mira wa kundi la maprodyuza la Internet Money. Gitaa limetoka kwenye Shape of My Heart, wimbo wa Sting wa mwaka 1993, na Sting pamoja na mpiga gitaa wake Dominic Miller wameandikwa kama watunzi wenza. Kasi ni kama mapigo 84 kwa dakika, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Gitaa linazunguka palepale, kwa hiyo kazi yote ya kupanda na kushuka anaachiwa mwimbaji.

Sasa sikilizeni anavyoitumia nafasi hiyo. Wimbo unafunguliwa na kiitikio. Hatuambiwi msichana ni nani wala wamekosana nini. Tunaanzia kwenye kivuli chake, ambacho jamaa bado anakiona chumbani. Ndani ya kiitikio hicho na ubeti unaokifuata anamkumbuka, anasikitika kwamba mapenzi aliyoyatoa hayarudi, anakiri kwamba anameza dawa ili ajisikie sawa, kisha anakiri kwamba yote hayo yamo kichwani mwake. Mtunzi aliyekaa na kalamu angechagua hisia moja na kuishikilia. Yeye anazipitia zote kwa mpangilio mbovu uleule ambao kichwa cha mtu aliyeachwa huzipitia saa nane za usiku. Na noti ziko karibukaribu, hata asiyejua kuimba anaweza kuufuata.

Hilo lilitokana na jinsi alivyofanya kazi. Sehemu kubwa ya nyimbo zake alizirekodi kwa mitindo huru: biti inapigwa, anasimama mbele ya maiki, anachana bila karatasi. Mwenye shaka atafute kipindi cha mtangazaji Tim Westwood cha London cha mwaka 2018, alipochana kwa zaidi ya saa moja mfululizo juu ya biti za Eminem. Melodi nazo alikuwa nazo tangu utotoni. Mama yake, mtu wa dini, hakupenda hip hop nyumbani, kwa hiyo mtoto akaokota roki kwenye michezo ya video, akajifunza piano, gitaa na ngoma. Ndiyo maana viitikio vyake vina umbo la roki huku mistari ikibaki ya rapu.

Kuna doa, na anayempenda ndiye anayepaswa kulitaja. Uchungu wake mara nyingi unamwangukia mwanamke yeyote aliye karibu. All Girls Are the Same, yaani "wasichana wote ni sawa", unasema hivyo tangu kwenye jina. Kuwaza kwa sauti kuna gharama hiyo: maneno ya hasira yanatoka kabla hayajapimwa.

Wanaomuiga hukosea mahali pamoja. Huanza na Auto-Tune, programu ya kunyoosha noti za mwimbaji, na gitaa la huzuni, wakidhani hapo ndipo penye siri. Kwanza, Auto-Tune isipopangwa kwenye ufunguo wa biti huivuta sauti kwenye noti ya jirani, na mwimbaji anasikika kama anayumba. Pili, muda wa kurekebisha ukiwekwa sifuri sauti inakuwa ya roboti. Kwa mtu anayeimba karibu na noti sahihi, milisekunde 15 hadi 30 zinatosha, na mitetemo ya koo inabaki. Tatu, na hili ndilo kubwa, wanarekodi mstari mmoja mmoja na kuunganisha vipande, hivyo pumzi inapotea na wazo linakatika. Afadhali biti ipigwe mwanzo hadi mwisho mara tatu, mdomo ukae shibiri moja kutoka kwenye maiki, kisha ichaguliwe rekodi moja nzima, hata kama ina neno lililoteleza. Sauti ya pili iongezwe kwenye miisho ya mistari tu. Na lazima kuwe na kitu cha kushika: kivuli, simu, kidonge. Neno "maumivu" likirudiwa mara ishirini halimwumizi mtu.

Kuhusu urithi, namba hazina ubishi. Albamu ya Legends Never Die ilitoka tarehe 10 Julai 2020 na wiki yake ya kwanza Marekani ikahesabiwa sawa na mauzo ya albamu 497,000. Nyimbo zake tano ziliingia kumi bora kwa wakati mmoja. Zikafuata Fighting Demons, Desemba 2021, na The Party Never Ends, Novemba 2024. Ubora wa albamu hizi hauko sawa, na sababu ni ileile mitindo huru: msanii asiyeandika haachi maelezo ya namna ya kumalizia, na prodyuza anabaki kukisia. Kwenye Come & Go, prodyuza Marshmello anaanza kwa utulivu, kisha anafungulia gitaa na ngoma kwa nguvu hadi sauti ya marehemu inakuwa abiria. Wishing Well nao ni wa kuchezeka, lakini hapo hakuna kinachomfunika: anasema wazi kwamba bila vidonge asingekuwepo, na akiendelea navyo hatakuwepo. Kwangu huo ndio wimbo mzito kuliko yote aliyoacha.

Vidonge hivyo havikuwa mapambo ya mashairi. Uchunguzi ulitaja oksikodoni na kodeini. Zote ni za jamii ya afyuni na zote hupunguza kasi ya kupumua. Zikikutana mwilini nguvu zake zinajumlishana, na mtu anaweza kuacha kupumua huku walio karibu wakidhani amelala. Mama yake, Carmela Wallace, alianzisha mfuko wa Live Free 999 mwaka 2020 kwa ajili ya vijana wenye sonona, wasiwasi na uraibu. Zile 999 zilikuwa alama ya mwanawe: 666 iliyopinduliwa, ubaya ukigeuzwa kuwa wema. Mzazi anayemwona mtoto kazama kwenye nyimbo hizi asimnyang'anye simu. Amuulize ni wimbo gani na ni mstari upi anaurudia. Mara nyingi atajibiwa kitu ambacho mtoto asingekisema kwa maneno yake mwenyewe.

Anayetaka kuanza aanze na Goodbye & Good Riddance ya 2018, asikilize kwa mpangilio bila kuruka, maana vipande vya mazungumzo katikati vinabeba kisa. Kisha ile saa moja ya Westwood. Halafu Robbery wa 2019, piano na sauti inayokaribia kupasuka. Zile za baada ya kifo zije mwisho, Wishing Well ukitangulia.