Uliza Mambo ya Gofu: Namlipa kocha kila wiki, mbona handikapu haishuki?

SWALI: Shikamoo anko. Mimi nafanya kazi benki hapa Dar, gofu nimeanza ukubwani, ile ya kuvutwa na washkaji wa ofisini. Handikapu yangu, yaani mikwaju ya ziada ninayoruhusiwa, ambayo ikishuka ndio umeendelea, ni 26 na imegoma hapohapo mwaka mzima na kila Jumamosi namlipa kocha. Kwenye renji, pale uwanja wa mazoezi, napiga mipira inanyooka mpaka watu wanageuka kuangalia, Jumapili nikisimama tii ya kwanza, pale pa kuanzia shimo, mpira unaenda kwenye miti. Kocha mwenyewe hana baya, ila maelekezo! Mkono wa kushoto unyooke, kichwa kisicheze, kiuno kianze, kifundo kisivunjike mapema, yaani mpaka nasahau kwamba nimekuja kupiga mpira. Tatizo ni mimi au yeye? – Baba Nasra, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba Baba Nasra. Kwa kweli sio wewe na wala sio yeye sana, ni huo utaratibu wenyewe wa kufundisha, ambao umerithiwa hivyohivyo na watu hawaukagui.

Hebu jiangalie ukiwa renji. Umemwaga ndoo ya mipira, umeshika aironi (fimbo ya chuma) namba 7, unapiga mmoja, unasogeza mwingine kwa ncha ya fimbo bila hata kunyanyuka, unapiga tena, na kufika mpira wa 30 lazima utanyooka tu maana mwili umeshazoea, unarudia kitu ulichokifanya sekunde 10 zilizopita. Halafu unapigia kwenye kapeti, na kapeti linakudanganya vibaya, ukichapa nyuma ya mpira fimbo inateleza na mpira unaondoka vizuri tu, wakati kwenye nyasi ungechimba shimo na mpira ungeishia miguuni. Uwanjani sasa: dreva, ile fimbo ya kupigia mbali, unatembea, unasubiri wa mbele watoke, aironi 5 mpira uko kwenye kijilima, unatembea tena, chipi ya kurushia karibu na shimo, puti ya kusukumia shimoni. Hakuna pigo linalofanana na lililopita. Ni kama umejifunzia gari kwenye uwanja wa shule likizo halafu unakabidhiwa ufunguo Kariakoo saa kumi na moja jioni.

Na hii sio maneno yangu ya kijiweni. Mwaka 1979 watafiti wawili, Shea na Morgan, waliwapa watu zoezi la mkono la kuangusha vibao kwa mpangilio tofauti tofauti. Kundi moja likarudia mpangilio mmoja mpaka likaiva ndio likaenda mwingine, kundi la pili likachanganyiwa. Wakati wa mazoezi hilo la kwanza ndio lilikuwa linapeta. Walipopimwa baadaye, mpaka siku 10 mbele, waliochanganyiwa ndio wakafanya vizuri zaidi. Wewe unapimwa Jumapili, ila unafanya mazoezi ya kukufurahisha Jumamosi.

Hapo ndio biashara ya kocha inapoingia, na namwonea huruma. Umemlipa saa moja, anataka uondoke umeona kitu, sasa njia ya haraka ni kukusahihisha kitu kipya kila wiki na kukupigisha fimbo moja mpaka inyooke, unaondoka unacheka, anapokea hela yake. Akikuambia "leo tutachanganya fimbo, utapiga ovyo ovyo lakini baada ya miezi miwili utaniambia", utarudi kweli? Wengi hawarudi, wanahamia kwa kocha mwingine.

Tukija kwenye hayo ya kiuno na kifundo, mwaka 1999 Gabriele Wulf na wenzake waliwafundisha watu wasiojua gofu kabisa pigo fupi la kurusha mpira. Wengine wakaambiwa wafikirie mikono yao inavyozunguka, wengine wafikirie kichwa cha fimbo kinavyozunguka, basi. Wa fimbo wakawa sahihi zaidi, mazoezini na hata walipopimwa baadaye. Kwa hiyo ukisimama kwenye mpira ukiwa na amri nne za viungo vya mwili, umeshajifunga kamba kabla hujaswingi, yaani hujazungusha fimbo.

Halafu hiyo swingi unayofundishwa ni ya nani? Ni ya mtu anayepiga mamia ya mipira kwa siku toka utotoni, na wewe unakaa kwenye kiti cha benki siku nzima. Jim Furyk, mchezaji wa Marekani, fimbo yake inazunguka huko juu kama inatafuta njia, wala hakuna kocha angekuruhusu uswingi hivyo, na alichukua US Open 2003 na mwaka 2016 akamaliza kwa mikwaju 58 tu kwenye raundi moja ya PGA Tour, mashindano ya wachezaji wa kulipwa Marekani. Seve Ballesteros, yule Mhispania aliyechukua Kenya Open 1978, utotoni alikuwa anapiga kokoto na mipira ufukweni kwao Pedreña na aironi 3 kuukuu, fimbo hiyo moja kwa kila kitu. Makedi wetu, hawa wabeba fimbo, wengi wamejua hivyohivyo, fimbo ya kuazima na shimo la kulenga, na ukicheza nao kwa dau unajua habari yake.

Ufanyeje? Mwambie kocha hela ileile akutoe renji mwende mashimo 9, akuone ukiwa kwenye nyasi na kwenye presha. Muombe kitu kimoja cha mwezi mzima na akiseme kwa mpira au fimbo, mfano "uuanzishe kulia kwa ule mti", sio kwa kiwiko. Renji badilisha fimbo na shabaha kila mpira, utapiga vibaya, vumilia. Na andika mikwaju inapopotelea. Mark Broadie, profesa wa Columbia kule Marekani, alichambua mikwaju mingi sana akakuta karibu theluthi mbili ya tofauti kati ya mchezaji mzuri na wa kawaida iko kwenye mapigo ya zaidi ya yadi 100, sio kwenye puti tunazozililia kila siku. Kwako wewe nahisi ni mipira ya kupotea, na kuchagua fimbo kwa kukumbuka ile siku uliyopiga vizuri kuliko zote, ndio maana mpira unaishia kabla ya grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo. Chukua fimbo moja kubwa zaidi.

SWALI: Habari kaka. Dreva yangu ina slaisi, mpira unapinda kulia kama ndizi. Nimeambiwa nilenge kushoto zaidi, sasa inapinda kulia zaidi. – Mchaga wa Moshi

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Umefundishwa ile ya zamani, kwamba mpira unaanzia fimbo inakoelekea. Rada zilipokuja ikaonekana ni kinyume, kwa dreva mwelekeo wa kuanzia unatokana na uso wa fimbo kwa takribani asilimia 85. Kupinda kunatokana na uso kutofautiana na njia ya fimbo, wewe uso umefunguka kulia na fimbo inapita kwenda kushoto, kwa hiyo ukilenga kushoto zaidi unaongeza hiyo tofauti. Anza na mshiko. Shika dreva, angalia chini: kama kwenye mkono wa kushoto unaona fundo moja tu la kidole, uzungushe kulia mpaka uone mawili au matatu. Mpira ukiwa bado unapinda kulia, zungusha kidogo tena.

SWALI: Anko, niachane na kocha ninunue dreva mpya? – Kijana wa Nakuru

JIBU: Hapana. Hiyo hela cheza raundi nyingi.