Mashine haiuguzi, wewe ndiye muuguzi: majibu kwa walio kwenye dayalisisi

Barua nyingi nilizopokea safari hii zimetoka kwa wauguzi wanaofanya kazi kwenye vituo vya dayalisisi, yaani kusafisha kwa mashine damu ya watu ambao figo zao zimeshindwa kazi, au wanaotaka kuingia huko. Nimechagua zile zinazogusa jambo linaloniuma zaidi: waajiri wanaotafuta watu wa kuwasha mashine, na wauguzi wanaokubali kuwa hao.

Shikamoo Mama. Nina stashahada ya uuguzi na leseni yangu ni hai. Kituo binafsi hapa Morogoro kimeniita kazini. Watanifundisha mashine wiki mbili kisha nianze zamu. Nikubali?

Marahaba. Kazi ikubali, wiki mbili zikatae.

Ndani ya wiki mbili utajua kufunga mirija, kupitisha maji ya chumvi kwenye chujio, kuweka muda wa saa 4 na kuzima kengele. Mwenye kituo anajua hilo linatosha kujaza viti, ndiyo maana ameridhika nalo. Hutakuwa umejua kuishika fistula (mshipa wa mkononi ulioungwa kwa upasuaji ili uchomwe sindano za mashine) kwa vidole ukatambua kwamba mtetemo wa leo si wa juzi. Hutajua kumsoma mgonjwa usoni kabla presha haijaanguka. Hutamtambua mgonjwa aliyekonda huku mizani ikionyesha kilo zilezile, kwa sababu nyama imeondoka na maji yamechukua nafasi yake. Huyo ukimwachia uzito mkavu (uzito anaotakiwa kubaki nao maji ya ziada yakishatolewa) wa miezi sita iliyopita, maji yatamjaa kwenye mapafu, na kila kipindi fomu yake itaandikwa "amefikia uzito".

Na usidhani mashine itakuokoa. Sindano inayorudisha damu ikichomoka chini ya shuka, mashine inaweza isilie kabisa, kwa sababu shinikizo linaweza kubaki ndani ya mipaka iliyowekwa. Damu inapita kwa kasi ya mililita 300 kwa dakika. Piga hesabu: dakika 5, lita moja na nusu. Mkono wenye sindano usifunikwe, hata mgonjwa akilalamika baridi. Mfunike kwingine kote.

Omba miezi mitatu chini ya muuguzi mzoefu, na iandikwe kwenye mkataba. Katika muda huo usiachwe peke yako chumbani, wala usichome fistula mpya. Kisha uliza mambo matatu: daktari bingwa wa figo ni nani na anafika siku zipi, kila muuguzi ana wagonjwa wangapi kwa zamu (kwangu mimi wanne ndio mwisho), na maji ya mashine yanapimwa na nani, majibu yanaandikwa wapi. Wakibabaika kwenye la tatu, usiende.

Mshahara wa nesi wa dayalisisi ni kiasi gani?

Swali hili linarudi kila mara na jibu halijabadilika. Serikalini unalipwa kwa elimu yako na cheo chako, si kwa mashine unayoishika. Binafsi ni mapatano yako, na kabla ya kuuliza kiasi, uliza kama michango yako ya NSSF inapelekwa.

Vipimo vya klorini vimetuishia tangu jana. Msimamizi anasema maji yalikuwa salama wiki nzima, tuendelee wakati tunasubiri vingine. Wagonjwa wako nje. Tufanye nini?

Msiwashe.

Ningependa kuishia hapo, lakini najua utabanwa, kwa hiyo chukua maneno ya kumjibu. Kipindi kimoja cha saa 4 kinapitisha takriban lita 120 za maji karibu kabisa na damu ya mgonjwa, zikitenganishwa nayo na utando mwembamba. Wewe ukinywa maji mabaya, una utumbo, ini na figo za kukutetea. Yeye hana kinga hiyo. Klorini na kloramini, dawa za kuulia vijidudu kwenye maji ya bomba, zikipita, zinapasua chembe nyekundu za damu hapohapo kitini. Ndiyo maana tunapima kabla ya kila zamu, na kiwango cha kloramini kisizidi miligramu 0.1 kwa lita. "Yalikuwa salama jana" si kipimo. Tangi la mkaa linalonasa dawa hizo linachoka bila kutoa taarifa. Mamlaka ya maji nayo inaweza kuongeza dawa usiku mmoja mvua zikichafua chanzo au kipindupindu kikiingia mjini, na hakuna atakayekupigia simu. Na vile vituo vinavyonunua maji ya maboza bomba likikauka, mnajua boza hilo lilijaza wapi?

Mwaka 1996 kule Caruaru, Brazili, kituo cha dayalisisi kilitumia maji yenye sumu ya mwani, yaliyoletwa kwa malori bila kusafishwa ipasavyo. Wagonjwa zaidi ya 50 walikufa. Mwonyeshe msimamizi wako habari hiyo. Kisha pigeni simu kituo cha jirani, azimeni vipimo, na waelezeni wagonjwa ukweli. Anayeanza kupumua kwa shida apelekwe hospitali nyingine mara moja. Amri ya kuendelea ikitolewa, omba iandikwe na kusainiwa. Nimeona amri nyingi zikifa pale kalamu inapotolewa.

Habari Sista. Niko Mwanza. Nina mgonjwa ambaye kila kipindi anataka atolewe akitimiza saa 3 badala ya 4. Tumemsemesha hadi tumechoka, sasa tunamsainisha fomu tu. Nimefanya wajibu wangu?

Nusu. Fomu inakulinda wewe, yeye bado anaondoka na uchafu wake.

Mwenye vipindi vitatu kwa wiki anasafishwa saa 12. Figo nzima zinafanya kazi saa 168. Saa moja anayoiacha kila mara inamnyima robo ya tiba, ni kama anakuja mara mbili na ziada kidogo. Lakini je, umemuuliza kwa nini? Si kumhubiria, kumuuliza. Wengi wanaokimbia saa ya mwisho wanakimbia maumivu: misuli inabana, kichwa kinagonga, presha inashuka. Maumivu hayo mara nyingi ni sisi tunayasababisha kwa kuvuta maji kwa pupa. Maji unayovuta yasizidi mililita 13 kwa kila kilo ya uzito kwa saa. Mtu wa kilo 60 ni mililita 780 kwa saa, yaani lita 3 na kidogo kwa saa 4. Ukimvuta lita 4 na nusu, halafu ukashangaa anaomba kushuka, kosa liko upande wako wa kiti.

Basi anzia kwenye chumvi anayokula, maana ndiyo inayoleta maji mengi ya kuvuta. Tumezoea kuwaambia wagonjwa "punguza maji" huku wanakula dagaa wa chumvi na samaki wa kukaushwa. Aliyekula chumvi atakunywa tu, hata umfungie kisima. Zungumza pia na anayempikia, maana mara nyingi si yeye anayeshika mwiko. Na ukigundua tatizo ni basi la mwisho la kurudi kijijini, mpe zamu ya alfajiri.

Kisha nisikilizeni wote: ile kauli ya "ukifa shauri yako" nimeisikia kwenye vyumba vya dayalisisi zaidi ya kimoja. Anayeisema aombe kuhamishwa.

Nimechanjwa homa ya ini B dozi zote tatu. Niko salama?

Hujui mpaka upime. Mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya mwisho pima kinga. Iwe 10 au zaidi (maabara huandika mIU/mL). Ikiwa chini, rudia chanjo na upime tena. Na mwenye homa ya ini B awe na mashine yake, na muuguzi anayemhudumia asiwahudumie kwa zamu hiyo wagonjwa wasio na kinga.

Mimi ni KRCHN (muuguzi wa afya ya jamii aliyesajiliwa Kenya), Mombasa. Nichukue diploma ya juu ya uuguzi wa figo au niende digrii kwanza?

Kama figo ndiyo kazi unayoipenda, anza na diploma ya juu. Inafundishwa KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya, na hospitali ya Kenyatta nayo inafundisha. Tangu mwaka 2015 hospitali za kaunti zilipopelekewa mashine na NHIF, bima ya afya ya taifa ya wakati huo, ikaanza kulipia Sh9,500 kwa kipindi, viti vimeongezeka kuliko watu waliosomea. SHA, mamlaka iliyochukua nafasi ya NHIF, ilipoingia Oktoba 2024 malipo yakawa Sh10,650. Hilo ni jema kwa wagonjwa, nami nalifurahia. Ila kumbuka kituo kinalipwa kwa kipindi, hivyo kila kiti kilicho wazi mwenye kituo anakiona kama hasara. Utashinikizwa kubeba wagonjwa sita peke yako na kufupisha muda wa kusafisha mashine kati ya mgonjwa na mgonjwa. Ukiwa umesomea, unajua cha kukataa na sababu yake. Digrii ifuate baadaye, utaihitaji kwa uongozi na kufundisha.

Wakala ameniambia nilipe kwanza ili anipeleke Uingereza kama nesi wa dayalisisi. Ni kweli?

Usilipe. Kanuni za Uingereza haziruhusu wakala kumtoza muuguzi ada ya kumtafutia kazi, na Tanzania imo kwenye orodha ya nchi ambazo mawakala wa huko hawaruhusiwi kuja kuajiri. Ukitaka, omba mwenyewe moja kwa moja: Kiingereza, mtihani wa kompyuta, kisha wa vitendo, chini ya baraza lao la wauguzi na wakunga, NMC. Saudia utahakikiwa vyeti na kampuni ya DataFlow, kisha utafanya mtihani wa leseni unaosimamiwa na kampuni ya Prometric. Na wale wanaoniuliza kuhusu vyeti vya Marekani vya uuguzi wa dayalisisi (CDN) na wa figo (CNN): vinadai uwe tayari na leseni ya Marekani, kwa hiyo anayekuuzia kozi yake mtandaoni kwa ahadi ya ajira anakuibia.

Kote huko watakuuliza umefanya nini hasa. Andika daftari lako tangu leo: aina za mashine, fistula ulizochoma, katheta (mirija ya mshipani) ulizohudumia, dharura ulizosimamia. Majina ya wagonjwa usiyaweke.

Mgonjwa niliyemhudumia miaka minne amefariki. Wenzangu wanasema nitazoea. Sijazoea.

Pole sana, mwanangu. Umemwona siku tatu kila wiki kwa miaka minne. Ndugu zako wa damu wangapi unawaona hivyo? Lia. Nenda msibani kama familia imekukaribisha. Omba kituoni mkae pamoja mumtaje, maana wagonjwa wa viti vya jirani nao wamefiwa, na wanawatazama ninyi kujua kama na wao siku yao watafutwa kimya kwenye ratiba. Usingizi ukikupotea kwa wiki kadhaa, mwone mtaalamu wa ushauri nasaha.

Miaka sita kwenye dayalisisi, naona nimefika mwisho. Kuna mbele?

Mbele kupo, lakini si kwenye kiti kilekile. Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017, na Benjamin Mkapa kule Dodoma ikafuata 2018. Kila anayepandikizwa anahitaji muuguzi wa kumwandaa yeye na mchangiaji, kisha wa kumfuatilia kwa dawa maisha yake yote. Kuna dayalisisi ya tumboni, inayosafisha damu kwa maji yanayoingizwa tumboni, ambayo wauguzi wengi hawajawahi hata kuiona. Kuna kinga ya maambukizi, na kuna kufundisha wanaoingia.

Lakini ningekuwa na uwezo wa kukusukuma, ningekupeleka kliniki ya kisukari na presha. Wengi wanaoletwa kwetu wanakuja usiku, wamevimba, wanatapika, wanawekewa katheta ya shingoni kwa dharura, na mkojo wao haukuwahi kupimwa protini hata mara moja. Wewe unajua mwisho wa njia hiyo unavyofanana. Mwombe mganga mfawidhi siku moja kwa wiki, upime mkojo na kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi), na anayeelekea kubaya umpeleke kwa daktari mapema ili atengenezewe fistula miezi kadhaa kabla. Hakuna aliyeniandikia kuuliza kazi hiyo, na ndiyo iliyo wazi zaidi nchini.