Wadudu: Mnauliza, Tunajibu

Mvua zikianza, barua kuhusu wadudu hujaa mezani. Mwezi huu tumechagua tano.

Wataalamu, hamjambo. Nyuma ya nyumba yangu kuna kichuguu. Mvua za kwanza zikinyesha hutoa kumbikumbi, na siku chache baadaye uyoga mkubwa. Watoto wanafurahi, ila mchwa wa hapo wananimalizia nguzo za ua. Nikichimba nikamtoa malkia, wataisha? Na kumbikumbi wakisharuka huenda wapi?
*Mama wa watoto wanne, Kakamega*

Mama, kumbikumbi ndio mchwa haohao. Ni wana wa kichuguu, wa kike na wa kiume, waliofikia umri wa kuanzisha kaya zao. Hungoja mvua kwa sababu ardhi kavu haichimbiki kwa taya zao ndogo, na ngozi yao laini hukauka upesi penye hewa kavu. Tena vichuguu vya aina moja hufungua milango karibu wakati mmoja, ili kumbikumbi wa huku akutane na wa kule badala ya kuoana na nduguye. Wingi wao ndio kinga yao pia. Ndege, vyura, kuku na watoto wenye ndoo wote hushiba, na bado wachache husalimika.

Wakitua hujikatia mbawa wenyewe. Kila ubawa una mstari dhaifu karibu na shina lake, ndiyo maana asubuhi unakuta mbawa tupu zimetapakaa barazani. Jike hutangulia, dume humfuata akimgusa kwa nyuma, mpaka wapate pa kuchimba. Hujifungia humo wasitoke tena. Watoto wa kwanza hulishwa kwa akiba ya miili ya wazazi, ikiwemo ile misuli ya kurukia ambayo sasa haina kazi. Kwa nyuki na siafu dume hufa muda mfupi baada ya kupandana, lakini mfalme wa mchwa huishi chumba kimoja na malkia miaka yote. Malkia naye tumbo humvimba hata asiweze kutembea, akataga maelfu ya mayai kwa siku.

Uyoga unakuja kwa sababu mchwa wako ni wakulima. Majani makavu na miti wanayotafuna hupita tumboni haraka, kisha wanayatoa na kuyajengea masega chini ya ardhi. Juu ya masega hayo huota kuvu inayovunja ugumu wa mti, na mchwa hula sega likishalainika. Msimu wa mvua kuvu hiyo hupenyeza shina hadi juu ya udongo. Ukichimba taratibu utaona shina linashuka kama mzizi mrefu hadi kwenye sega. Uyoga ulioota kichuguuni bila mzizi huo si huu, usiupike. Hata wenye mzizi, kama huufahamu, mwoneshe kwanza mzee anayeufahamu.

Sasa nguzo. Kumtoa malkia mara nyingi ni jasho la bure. Vichuguu vingine vina malkia zaidi ya mmoja. Ukichimba wakati kumbikumbi hawajaruka, mmoja wao anaweza kushika nafasi. Na kubwa kuliko yote, huna hakika kwamba wanaokula nguzo wanatoka hapo, kwani njia zao za chini kwa chini hufika makumi ya mita.

Shughulika na nguzo zenyewe. Ziinue juu ya msingi wa saruji au jiwe, angalau sentimita 15 kutoka ardhini, udongo usiguse mti. Kagua kila wiki na ukwangue kila njia ya udongo inayopanda, kwa kuwa mchwa hawavumilii jua wala hewa kavu. Ondoa kuni zilizoegemezwa uani. Ukinunua nguzo mpya, chukua kiini cha mtarakwa au nguzo zilizotiwa dawa kiwandani, maana mkaratusi mbichi usiotiwa dawa ni chakula kwao. Oili chafu ya gari tunawasihi msiimwage, huzama ardhini na kufika visimani. Majani makavu ya shambani nayo usiyafagie yote, kwa sababu mchwa akikosa kikavu hugeukia miche hai. Na ukiamua kumwaga sumu kichuguuni, basi ujue hakuna tena kula kumbikumbi wala uyoga wa hapo.

Nilihifadhi mahindi kwenye mifuko ile ya tabaka tatu nikiambiwa haihitaji dawa. Baada ya miezi minne mfuko mmoja umetoboka na ndani ni unga mtupu. Nimeuziwa feki?
*Mkulima, Urambo*

Pengine mfuko ni halali, ndugu, ila kuna hatua iliyorukwa. Anza kwa kumtambua adui. Chukua wadudu wachache, waweke kwenye karatasi nyeupe. Mwenye pua ndefu iliyochongoka ni fukusi. Wa kahawia iliyokolea, mviringo kama kipande cha penseli, milimita 3 hadi 4, kichwa kimejificha chini ya kifua na nyuma kama amekatwa kwa kisu, huyo ni dumuzi. Unga mwingi unaoueleza ni dalili yake. Kwao ni Amerika ya Kati, na huko Tabora ndiko alikotambuliwa kwanza katika Afrika, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakulima walimwita Scania, jina la lile lori, kwa nguvu zake. Hula mahindi na mihogo mikavu, lakini hutoboa hata mbao na plastiki, na hilo ndilo fumbo la mfuko wako.

Mfuko hauui kwa dawa. Wadudu waliofungiwa ndani wanapumua hadi oksijeni inapungua kabisa, wanaacha kula, wanakufa. Tundu dogo tu linarudisha hewa na kazi yote inaharibika. Kwa hiyo:

Pukuchua kwanza. Mahindi yenye magunzi yana ncha zinazochana nailoni, na dumuzi hupenda zaidi punje zilizoshikamana na gunzi kwa kuwa anapata pa kujishikilia akitoboa. Chekecha, toa punje zilizovunjika.

Kausha mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5. Anika juu ya turubai, tabaka lisizidi sentimita 5, ukigeuza mara kwa mara. Kupima bila mashine, chukua chupa ya kioo kavu, jaza mahindi theluthi moja, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu bado umezidi asilimia 15. Isipoganda, usikimbilie kufunga, anika siku moja au mbili zaidi, kwa sababu kipimo hiki hakikuambii kama umeshuka hadi 13.5. Mahindi mabichi ndani ya mfuko usiopitisha hewa huvunda, na ukungu huleta sumukuvu, ambayo kupika hakuiondoi.

Kila mfuko wa ndani uujaribu kabla ya kujaza: unase hewa, bana mdomo, kandamiza na usikilize. Unaovuja usiutumie. Jaza ukishindilia pembeni ili hewa isibaki, acha nafasi ya kutosha juu, sokota mdomo wa mfuko wa kwanza, ukunje, ukaze kwa kamba. Rudia kwa wa pili peke yake, kisha gunia la nje. Wengi hufunga yote matatu kwa kamba moja, na hapo ndipo hewa inapopitia.

Baadaye ni ghala. Fagia mahindi ya mwaka jana hadi punje ya mwisho na uyaondoe kabisa, kwani dumuzi waliosalia humo, au ndani ya miti ya kihenge, ndio hutoboa kutoka nje. Weka mifuko juu ya chaga, mbali na ukuta, panya asipate maficho. Usifungue mwezi wa kwanza, na baada ya hapo kila mfuko uliofunguliwa utumike wenyewe mpaka uishe. Nyumba inayochota kidogokidogo kutoka mifuko mitano hupoteza yote mitano.

Kama utarudi kwenye gunia la kawaida, nunua dawa ya unga yenye viambato viwili, pirimifosi-methili na pemethrini. Cha kwanza humuua fukusi lakini dumuzi hukistahimili, cha pili ndicho kinachomweza dumuzi. Mwenye kuuza dawa iliyofunguliwa na kupimwa kwa kijiko umpite. Nunua pakiti iliyofungwa na ufuate kiasi kilichoandikwa.

Wanafunzi wangu wa darasa la nne wanabishana kama buibui na jongoo ni wadudu. Kiswahili kinasema ndiyo, kitabu kinasema hapana.
*Mwalimu, Korogwe*

Mwalimu, wote wana haki. Neno mdudu katika lugha yetu ni pana, hata nyoka huitwa hivyo na asiyetaka kumtaja usiku. Katika sayansi, mdudu ni mwenye mwili wa sehemu tatu (kichwa, kifua, tumbo), papasi mbili na miguu sita iliyoota kifuani. Buibui na nge wana minane. Jongoo ana jozi mbili kwa karibu kila pingili, tandu jozi moja. Wape wanafunzi mitego miwili: kupe, ambaye hana undugu wa karibu na wadudu ingawa anapoanguliwa ana miguu sita na kufikisha minane baadaye, na kiwavi, anayeonekana na miguu mingi lakini ya kweli ni ile sita ya mbele. Ile laini ya nyuma ni ya kujishikilia tu, na hupotea akiwa kipepeo.

Hosteli yetu imejaa wale inzi wa Nairobi. Niliamka na mstari wa malengelenge shingoni. Ananiuma wapi bila kusikia?
*Mwanafunzi, Nairobi*

Hakuumi kabisa, wala si inzi. Ni jamii ya mbawakawa, mwembamba, urefu chini ya sentimita moja, rangi nyeusi na nyekundu kwa mapingili. Ndani ya mwili wake kuna sumu iitwayo pederini, inayotengenezwa na bakteria wanaoishi ndani ya majike. Humwagika unapomponda, kwa kofi au kwa kumlalia. Ngozi huanza kuungua baada ya saa 12 hadi 48, ndiyo maana humkumbuki aliyekuunguza.

Akitua, mpulize au mpandishe kwenye karatasi umtoe. Ukimponda, osha mara moja kwa sabuni na maji mengi, na mikono pia kabla ya kugusa macho. Malengelenge usiyatumbue. Yakienea au yakifika jichoni, nenda zahanati. Hufuata mwanga, hivyo funga dirisha kabla ya kuwasha taa, tumia chandarua, kung'uta mashuka. Shambani ni rafiki, anakula wadudu waharibifu, kwa hiyo hakuna haja ya kumwinda nje.

Wazee wetu husema mbung'o wa Unguja walimalizwa kwa kuletewa mbung'o wengine. Inawezekanaje?
*Mfugaji, Unguja*

Wazee wamesema kweli. Mbung'o hatagi mayai kama inzi wengine. Hulea funza mmoja tumboni, akimnyonyesha kwa tezi za maziwa, na humzaa baada ya siku tisa au kumi akiwa mkubwa, tayari kujichimbia ardhini. Maisha yake yote huzaa wachache sana. Tena kwa kawaida jike hupandwa mara moja tu na kuhifadhi mbegu hizo. Akipandwa na dume tasa, uzazi wake umekwisha.

Kwanza idadi ilipunguzwa kwa vitambaa vyenye dawa na kwa dawa iliyomiminwa migongoni mwa ng'ombe. Lakini msituni, hasa Jozani, hilo halikutosha. Madume yalikuzwa Tanga, yakapigwa mionzi ya gama ili kuyafanya tasa, na kuanzia 1994 yakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, mamilioni kwa jumla. Kwa kuwa dume la mbung'o nalo hufyonza damu, yalilishwa kwanza damu yenye dawa ili yasieneze nagana, ugonjwa wa mifugo unaoletwa na mbung'o. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa 1996, na mwaka uliofuata Unguja ikatangazwa kuwa safi.

Bahari ndiyo iliyofunga mlango. Bara, eneo likisafishwa, mbung'o huingia tena kutoka pori la jirani, hivyo wafugaji wa huko wanaendelea na mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi. Buluu humvuta kutoka mbali, na cheusi ndicho anachopenda kutua.