Je, Mungu ni mwaminifu hata kwa mtoto wangu?

SWALI

Shikamoo Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Mwanza. Mtoto wetu wa mwisho, mwenye umri wa miaka 6, ana selimundu, ugonjwa wa damu. Mwaka huu amelazwa mara nne na kuongezewa damu mara mbili. Maumivu humwanza usiku, nami hukesha nikimkanda magoti huku yeye akiuma pindo la kanga yangu asije akawaamsha wenzake. Nimefunga na kuomba hadi nimechoka. Ndugu wa mume wangu wanasema ugonjwa huu nimeuleta mimi. Katika kikundi kimoja cha maombi nimeambiwa kwamba imani yangu ni ndogo, kwamba kila kidonge ninachompa mtoto kinaonyesha kuwa simwamini Mungu, na kwamba nikitoa sadaka ya shilingi 200,000 na kuacha dawa, mtoto atapona. Kanisani wanapoimba kuwa Mungu ni mwaminifu, mimi hunyamaza, maana nikiimba naona kama ninasema uongo. Je, Mungu ni mwaminifu hata kwangu, au mimi ndiye niliyekosa?

Mama wa Mwanza

JIBU

Marahaba, binti yangu. Kabla ya neno lingine lolote ninakuomba jambo moja: usiache dawa. Endelea na kliniki kwa tarehe ulizopangiwa, mtoto anywe maji ya kutosha, alale ndani ya chandarua, na akipata homa, akipauka ghafla au akipumua kwa shida, mpeleke hospitali usiku huohuo bila kusubiri kukuche wala kusubiri ibada iishe. Nimezika watoto ambao wazazi wao walishawishiwa kuacha dawa ili waonyeshe imani, na sitaki kupokea barua yako ya pili ikiwa na habari ya namna hiyo.

Kuhusu ndugu wa mume wako, selimundu hurithiwa kutoka kwa baba na mama kwa pamoja. Mtoto huugua pale anapopokea chembe ya urithi ya ugonjwa huo kutoka kwa kila mmoja wao, na wazazi wote wawili wanapoibeba bila wao wenyewe kuugua, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Hakuna aliyeuleta na hakuna wa kulaumiwa. Ingefaa mume wako ndiye awaeleze ndugu zake jambo hili, tena kwa kinywa chake mwenyewe, kwa sababu mzigo huo umeubeba peke yako muda mrefu kupita kiasi. Wanafunzi wa Yesu nao walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Katika Yohana sura ya 9 Bwana alikataa pande zote mbili za swali hilo, kisha akamgeukia yule mtu.

Na hao waliokuambia kwamba kidonge ni ushahidi wa kukosa imani, waulize habari za Trofimo. Paulo, ambaye Matendo ya Mitume sura ya 19 inasimulia jinsi hata leso zilizotoka mwilini mwake zilivyopelekwa kwa wagonjwa wakapona, anaandika katika 2 Timotheo 4:20 kwamba Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Hasemi kwamba Trofimo alikuwa na imani haba, wala hasemi kwamba alidaiwa sadaka. Alikuwa rafiki, mtenda kazi pamoja naye, naye aliugua, na safari ikabidi iendelee bila yeye. Paulo huyohuyo alikuwa na Luka, ambaye katika Wakolosai 4:14 anamwita tabibu mpendwa. Shilingi 200,000 zako zina kazi: nauli ya kliniki, vipimo, na chakula cha watoto wako watatu. Anayekudai fedha hizo kama bei ya uponyaji anauza kitu ambacho si chake.

Sasa nije kwenye swali lako lenyewe, ambalo ndilo zito.

Maneno yanayosema kwamba rehema za Bwana ni mpya kila siku asubuhi na kwamba uaminifu wake ni mkuu, ambayo bila shaka ndiyo yaliyozaa nyimbo nyingi tunazoziimba, yametoka katika kitabu cha Maombolezo sura ya 3. Mara nyingi tunayachomoa hapo na kuyaandika ukutani kwa rangi nzuri, tukisahau yalipozaliwa. Kitabu hicho kinaulilia mji wa Yerusalemu uliochomwa na Wababeli mwaka 586 K.K. baada ya kuzingirwa kwa muda mrefu, na ndani yake ulimi wa mtoto anyonyaye unagandamana na kaakaa kwa kiu, na watoto wanaomba mkate wasipate wa kuwamegea. Katika sura hiyo ya 3, kabla ya kuufikia uaminifu, anayenena anamlalamikia Mungu kwa aya karibu 20 mfululizo: anasema amekuwa kwake kama dubu aviziaye, anasema amemvunja meno kwa changarawe. Hakuna aliyemnyamazisha. Na hata baada ya kuungama kwamba uaminifu wa Mungu ni mkuu, kilio kinarudi, machozi yanarudi, na kitabu kizima kinakwisha katika sura ya 5 kwa mtu anayejiuliza kama Mungu amewakataa kabisa. Wazee wa Israeli walikisoma hivyo kilivyo na wakakiweka katika Maandiko Matakatifu. Kwa hiyo, binti yangu, kilio chako cha saa tisa usiku kimo ndani ya Biblia, na aliyekitia humo alikuwa mtu wa imani.

Tazama pia neno lenyewe. Katika Kiswahili chetu imani, uaminifu na amana ni ndugu wa mzizi mmoja tuliouchukua kwa Waarabu, na Kiebrania, ambacho ni jamaa wa Kiarabu, kina mzizi huohuo, ambamo limetoka neno amina. Neno la Kiebrania tunalolitafsiri kuwa uaminifu ndilo linalotumika katika Kutoka 17:12 kueleza mikono ya Musa siku ya vita na Amaleki. Mikono yake ilikuwa imekuwa mizito, wakamkalisha juu ya jiwe, Haruni akaushika mmoja na Huri mwingine, na mikono ikakaa imara hata jua likachwa. Katika mzizi huohuo wamo pia mlezi na yaya, mtu ampakataye mtoto asianguke. Mwishoni mwa kitabu cha Ruthu Naomi anaitwa hivyo, akiwa amemweka mjukuu kifuani, Naomi yule aliyefiwa na mume na wana wawili katika nchi ya Moabu, akarudi Bethlehemu akisema mbele ya wanawake wa mji wamwite Mara, yaani Uchungu, kwa kuwa Mwenyezi amemtendea machungu sana.

Ninaposema Mungu ni mwaminifu, basi, ninasema kwamba hakuachi. Siwezi kukuahidi kwamba mtoto atapona mwezi huu, kwa maana sijaambiwa hivyo na yeyote mwenye haki ya kuniambia. Endelea kumwomba Mungu amponye, nami ninaomba pamoja nawe kwa jina la Yesu. Lakini usiupime uaminifu wake kwa idadi ya siku ambazo mtoto hakulazwa, maana siku mbaya itakapokuja, na kwa ugonjwa huu siku mbaya huja, utabaki huna pa kushika.

Miaka mingi iliyopita, nikiwatembelea wagonjwa, nilimkuta baba mmoja katika wodi ya watoto ambayo siku hiyo ilikuwa imepungukiwa na vyuma vya kutundikia dripu. Alikuwa amesimama kando ya kitanda akiinua chupa juu kwa mkono, na mkono ulipochoka aliuhamishia mwingine, macho yake yakiwa kwenye matone. Mama wa kitanda cha jirani, ambaye hawakufahamiana kabla ya siku hiyo, aliinuka akampokea chupa bila kusema neno, yule baba akakaa chini na kulala palepale akiwa ameegemea ukuta. Nilikuwa nimekuja na mahubiri tayari kinywani. Nikayaacha, nikasubiri zamu yangu ya kuishika chupa.

Ndiyo maana ninakusihi usiendelee kukaa na jambo hili peke yako. Nenda kwa mchungaji wako au kwa wazee wa usharika, waeleze kama ulivyonieleza mimi, na uwaombe vitu vinavyoshikika: mama mmoja wa umoja wa wanawake akae na watoto wako wakubwa siku mnapolazwa, na vijana wa kwaya na wazee wanaoweza waende kuchangia damu katika hospitali mnakotibiwa. Watoto wenye selimundu huhitaji damu mara kwa mara, nayo hutoka katika mikono ya watu.

Na wimbo ukianza Jumapili, usijilazimishe. Kaa, uwaache wengine waimbe kwa niaba yako, kama Haruni na Huri. Sauti itakaporudi utaungana nao, hata kama ni kwa kiitikio tu.

Niandikie tena baada ya kliniki ijayo, unieleze mtoto anaendeleaje na ni wangapi waliojitokeza kutoa damu.